Sabuni ya Sakafu na Mayai ya Panya

Agosti 1998, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, Marekani, Patricia Hunt alikuwa akichunguza mayai ya panya majike. Kwa kawaida, panya wake wa kulinganishia walikuwa na asilimia 1 au 2 tu ya mayai yenye kasoro za kromosomu. Ghafla wakafika asilimia 40. Msako ulimfikisha kwenye chumba cha kuoshea vyombo: mtu alikuwa ameosha vizimba na chupa za maji kwa sabuni kali ya sakafu. Plastiki ikachakaa, ikapoteza mng'ao, na kemikali iitwayo bisfenoli A, au BPA, ikawa inavuja na kuingia mwilini mwa panya.

Plastiki ile ni polikaboneti, ile ngumu na angavu iliyotumika kwa chupa za watoto wachanga, na bado hutumika kwa madumu mengi ya maji ya lita 20. Imeundwa kwa BPA iliyounganishwa kama mnyororo, na joto au sabuni yenye magadi huukata mnyororo huo. Cha ajabu ni kwamba tangu 1936 Charles Dodds wa London alikwishaonyesha kuwa BPA huiga homoni ya kike, estrojeni. Tulijua, na bado tukaitumia kutengenezea vyombo.

Mwili huitoa BPA kwa mkojo ndani ya saa chache. Hata hivyo, vipimo vya Wamarekani zaidi ya 2,500 vya mwaka 2003 na 2004 viliikuta kwa asilimia 93 yao. Maana yake, kila siku tunaiongeza. Utafiti wa San Francisco uliochapishwa 2011 ulizilisha familia tano chakula freshi kisichotoka kwenye kopo wala plastiki. Kwa siku tatu tu, BPA mkojoni ikashuka kwa wastani wa asilimia 66.

Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipunguza kiwango cha BPA kinachovumilika mara 20,000. Wataalamu wa Ujerumani wakapinga hesabu hiyo, ingawa nao walikishusha.

Viwanda vilijibu kwa kubandika maneno "haina BPA" na kuweka ndugu yake, BPS. Mwaka 2018 Hunt, wakati huo akiwa jimbo la Washington, alichapisha kisa kilekile: vizimba vya plastiki nyingine, vilivyochakaa, mayai yenye kasoro, na safari hii BPS ilikuwamo. Kwa hiyo lebo ile mimi huisoma kama barua isiyo na ukurasa wa pili.

Tukirudi jikoni kwetu, mifuko ya nailoni ambayo baadhi ya wapishi wetu hutandaza juu ya wali unaopikwa, ili mvuke usitoke, ni plastiki nyingine kabisa, haihitaji BPA. Lakini plastiki kwa jumla hubeba viungio vingi vya kiwandani, na joto, mafuta, ndimu na muda mrefu huvisaidia kuhamia kwenye chakula. Kifuniko kizito cha sufuria huzuia mvuke vilevile, bila mfuko. Chipsi zinazotoka kwenye karai ziwekwe kwenye sahani ya bati au udongo. Na uji wa mtoto upoe kwanza kwenye bakuli, ndipo umiminwe kwenye chupa. Chupa iliyokwishachubuka kwa brashi, itupwe.