Neno "Kutanguliwa" katika Usomaji wa Hataza za Gundi

Baadhi ya wafasiri, wanapoeleza hali ya dai la hataza kukutwa tayari katika maandishi ya awali, hutumia neno "kutarajiwa". Uteuzi huo unapotosha. Mwandishi wa awali halazimiki kuwa alitarajia jambo lolote. Yatosha kwamba maandishi yake yalitangulia na kwamba yanacho kila kinachodaiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 juu ya mali ya viwanda inauhesabu uvumbuzi kuwa mpya endapo haukutanguliwa. Kwa hiyo neno hili ndilo linalompa mvumbuzi haki yake au kumnyima.

Na lichukuliwe dai juu ya gundi inayooza, yenye polima ya asidi ya laktiki, kilainishi, na utomvu wa kuongeza unato. Msomaji hulikata dai vipande, kisha hukitafuta kila kipande katika hataza moja ya awali. Moja, wala si mbili zilizounganishwa. Hataza yenye polima na kilainishi pasipo utomvu haikulitangulia dai hilo, hata kama kuuongeza utomvu ni jambo jepesi kwa fundi. Wepesi huo ni hoja nyingine, nayo ina kipimo chake.

Ugumu wenyewe umo katika sifa "inayooza". Je, hataza isiyolitaja neno hilo yaweza kulitangulia dai? Mwaka 1985 mahakama ya rufani ya Marekani ilikabiliwa na swali la aina hiyo katika kesi ya kampuni ya Titanium Metals. Kampuni ilidai aloi ya titani yenye nikeli asilimia 0.6 hadi 0.9 na molibdeni asilimia 0.2 hadi 0.4, inayostahimili kutu katika maji moto ya chumvi. Makala ya Kirusi ya mwaka 1970 hayakueleza ustahimilivu huo. Lakini mchoro wake ulikuwa na nukta ya aloi yenye nikeli 0.75 na molibdeni 0.25. Nukta hiyo ilitosha. Sifa iliyogunduliwa baadaye haikifanyi kitu cha zamani kuwa kipya.

Hata hivyo sifa iliyonyamaziwa lazima iwemo kwa hakika, si kwa kubahatisha. Minyororo ya polima ya asidi ya laktiki huvunjwa kwanza na maji, ndipo vijidudu huila. Mwendo wa kuvunjika hutegemea joto na mpangilio wa molekuli. Dai likitaja muda wa kuoza udongoni, hataza ya awali inayosema "polima ya asidi ya laktiki" tu huenda isilifikie. Na gundi inayopasuka juani bila kuliwa na vijidudu haiozi, ijapokuwa wauzaji huiita hivyo.

Matumizi nayo hutenganisha. Hataza ya Du Pont ya mwaka 1954 ilieleza polima ya asidi ya glikoliki. Mwaka 1967 American Cyanamid ilipewa hataza ya nyuzi za kushonea majeraha zilizotengenezwa kwa polima hiyohiyo. Kilichodaiwa safari hii kilikuwa uzi.