Ukame wa Hanang haukuanzia mawinguni

Mvua ikikatika katika wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, habari huwa zilezile: mahindi yamenyauka kabla ya kubeba, ng'ombe wamekonda, chakula cha msaada kinasubiriwa. Lawama zote hutupiwa mawingu. Mimi naona mawingu yana nusu ya kesi. Nusu nyingine iko ardhini.

Tuanze na uwanda wa Basotu, Hanang. Wafugaji Wabarabaig walikuwa wakilisha kwa zamu. Kila aina ya malisho ilikuwa na msimu wake, kisha ikaachwa ipumzike, na nyasi bora kuliko zote zilikuwa kwenye vibonde vya uwanda huo, ambako udongo ni wa rutuba na hushika unyevu. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima ngano humo: mashamba saba, takriban ekari 100,000. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Mifugo ikabanwa kwenye vilima na pembezoni mwaka mzima. Wenye mifugo wengine walihamia mikoa ya mbali. Waliobaki hawana tena malisho ya akiba, na malisho yasiyopumzishwa hayangoji ukame mkali. Mvua zikipungua kidogo tu, ng'ombe wanaanza kuanguka.

Kwenye miinuko ya Mbulu Wairaqw walijikinga kwa njia yao. Wa eneo la Kainam wamesifika kwa matuta na samadi, na mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa sehemu mbalimbali, ili ukame au ugonjwa wa upande mmoja usimmalize. Bima hiyo ilitegemea kuwapo kwa mahali pa kuwapeleka. Leo sehemu nyingi za chini zimeshakuwa mashamba.

Kuhusu ajira, takwimu za ajira rasmi hazimwoni anayeumia kwanza, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa kwa barua. Ni kibarua wa palizi na wa kuvuna. Shamba likikauka mwenye shamba anapoteza mazao, lakini kibarua alishapoteza ujira miezi kadhaa kabla, siku palizi ilipokosa maana. Vijana huelekea mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, au migodi ya Mirerani. Wanaobaki kulima, wataalamu huwashauri wapande mazao yanayostahimili ukame, na ushauri ni mzuri. Mbaazi, kwa mfano, ina mizizi mirefu na huendelea kukomaa mahindi yakishavunwa. Ila Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ikaporomoka, na zao lililoshinda jua likashindwa sokoni.

Sasa maji. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na sawa kabisa. Tangu Julai 2019 wakala wa serikali, RUWASA, inasimamia maji vijijini, na vyombo vya watumia maji hukusanya fedha ili mradi ujiendeshe. Tatizo ni kwamba wakati wa ukame pampu hufanya kazi zaidi, foleni hurefuka, na mlipaji ndiye yule kibarua aliyekosa palizi. Uchimbaji wa visima nao una mpaka wake. Ukanda huu wa Bonde la Ufa una madini ya floridi, yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, kudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Kisima kisichopimwa si msaada, hata kikizinduliwa kwa ngoma.

Turudi ardhini, kwenye nusu ile nyingine ya kesi. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipewa mwaka 2011 hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi yao haikukatwa vipande. Kwa hiyo sheria ipo, na mfano upo ndani ya wilaya. Halmashauri za Mbulu na Hanang zipime malisho, mapito ya mifugo na vyanzo vya maji kwa utaratibu huohuo, msitu wa Nou ukilindwa kama chanzo cha maji, na zifanye hivyo kabla ya kutangaza zabuni nyingine ya visima.