Kitabu cha kumbukumbu: ukienda mkutanoni, usirudi na karatasi za rangi tu

Hebu fungua albamu ya picha iliyo nyumbani kwenu. Chukua picha yoyote ya zamani uigeuze. Je, nyuma pameandikwa jina? Pameandikwa mwaka?

Desemba mmoja nikiwa Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, nilioneshwa albamu ya marehemu mama wa nyumba niliyoitembelea. Kitinda mimba wake, aliyekuwa bado ananyonya mama alipofariki, alikuwa akigeuza kurasa na kuuliza, "Huyu ni nani?" Watu wazima wakatazamana. Aliyejua ni nyanya peke yake, na macho yake yalikuwa yamefifia. Ilibidi aelezwe nguo na viatu vya mtu aliye pichani ndipo ataje jina.

Huenda unajiuliza albamu inahusianaje na ukurasa wa afya. Inahusiana sana. Katika miaka ya 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi kuwafikia watu wa kawaida, kina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi hivyo walikabiliwa na swali zito: nani atawaambia watoto wetu wao ni kina nani? Chama chao cha NACWOLA, ambacho Beatrice Were alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kikaanza kuwafundisha kina mama kutengeneza vitabu vya kumbukumbu. Wazo lenyewe lilikuwa limetumiwa na kina mama Waafrika walioishi London. Mama alibandika picha, akaandika jinsi mtoto alivyozaliwa, nani alimpa jina, alipenda chakula gani, babu zake walitoka wapi. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda Uganda kuviona vitabu hivyo, akaandika juu yake mwaka 2003.

Leo mambo yamebadilika. Dawa za ARV hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na anayezimeza ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Anaweza kuwalea watoto wake mpaka wawe watu wazima. Hata hivyo kitabu hakijapitwa na wakati. Kinamfaa mzazi mwenye saratani au ugonjwa wa figo, na pia mzazi mzima kabisa anayeishi mjini na watoto wasiojua hata Kiekegusii.

Basi tuseme chama chenu cha Nairobi au Nakuru kimepanga mkutano wa siku mbili tatu wa kutengeneza vitabu hivi huko nyumbani wakati wa likizo. Matayarisho yaanze wiki nzima kabla ya kupanda matatu. Picha zilizo kwenye simu zipeleke dukani zikachapishwe, kwa maana simu huibwa na kuharibika. Zile za zamani zitolee nakala, za asili uziache nyumbani. Andika majina nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa biro huweza kupenya hadi upande wa mbele, na biro yenyewe huacha alama. Cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba visiguswe na gundi kamwe. Bandika nakala yake.

Ukifika utakuta meza imejaa karatasi za manila, makasi, gundi na kalamu za rangi. Hapo ndipo wengi hupotezea siku ya kwanza, wakichora maua kwenye jalada. Sina ugomvi na maua. Nami nimewahi kuyachora, na yalifanana na kabichi. Lakini maua utayachora hata ukirudi mjini. Usichoweza kukipata mjini ni yule shangazi aliyeketi kwenye kona akinywa chai. Sogeza kiti chako karibu naye. Muulize kwa nini uliitwa Kwamboka na si Kerubo, ni nani aliyefariki ambaye jina lake ulirithishwa, na mama yako alikuwa mtu wa namna gani kabla hajaolewa.

Kisha muulize kuhusu magonjwa. Kila mara uendapo hospitalini, daktari hukuuliza kama katika jamaa yenu kuna ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu au saratani, nawe hujibu "sidhani" kwa sababu hujui. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua sukari au saratani ya matiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko wengine, naye anahitaji kupimwa mapema. Andika nani aliugua nini na akiwa na umri gani. Andika pia kama kuna dawa, kama vile penisilini, iliyowahi kukudhuru wewe au mtoto wako. Ukurasa huo mmoja unaweza kuokoa maisha. Wazee husema fulani "alirogwa" au "alikohoa tu". Usibishane nao. Uliza dalili, uziandike kama walivyozitaja.

Jambo moja la tahadhari. Ugonjwa wa mtu aliye hai, hasa hali yake ya virusi, usiuandike bila idhini yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inalinda siri hiyo. Wala usipige picha kurasa za jirani yako mezani, hata kama zimependeza.

Utalia, au aliye kando yako atalia. Hilo lisikutishe. Toka nje, pumua, urudi ukiwa tayari, na waandaaji wawe na mshauri nasaha ambaye mtu anaweza kuzungumza naye faraghani. Kama unatumia dawa za ARV, sukari au shinikizo, beba za kutosha siku zote na umeze kwa saa yake, mazungumzo yakolee yasikolee.

Wengine hudhani kitabu hiki ni wasia. Sicho. Katika sheria ya Kenya, wasia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Maneno mazuri kitabuni kuhusu nani achukue shamba la migomba yanaweza kuzua kesi badala ya kuimaliza.

Wala kitabu kisiwe ndicho cha kwanza kumpasulia mtoto habari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao na ya wazazi wao, kwa kiwango wanachoweza kukielewa. Aambiwe kwa kinywa, na mtu anayempenda, kisha asome. Kwa hiyo rudi na kitabu chenye kurasa nyingi tupu, mzijaze pamoja naye jioni baada ya masomo ya ziada. Mtoto huuliza maswali ambayo hakuna mwalimu wa mkutano angeyafikiria. Baadaye kihifadhi ndani ya kopo la bati, mbali na ukuta na sakafu, ukikifungua mara kwa mara kipate hewa, maana mvua ya Kisii haina msimu wa kupumzika.

Kule Mosocho, siku ile, tulitafuta penseli na kuanza kuandika majina. Kufikia magharibi tulikuwa tumemaliza albamu, isipokuwa picha mbili ambazo nyanya alikataa katakata kuzizungumzia mbele ya watu. Kijana alizitia kwenye bahasha, akaandika juu yake: "Nimuulize kesho asubuhi, tukiwa wawili."