Kiti cha rais nacho kiwekewe upeo wa umri

Jaji wa nchi hii akitimiza umri wa miaka 70 hulazimika kuvua joho lake, apende asipende. Mwaka wa 2016, majaji wawili wa Mahakama ya Juu, Bi Kalpana Rawal aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu na Bw Philip Tunoi, walidai kuwa walistahili kuhudumu hadi miaka 74 kwa vile waliteuliwa chini ya Katiba ya zamani. Hawakufua dafu, wakaenda nyumbani. Mtumishi wa umma wa kawaida naye hustaafu afikapo miaka 60. Hakuna anayedai kwamba siku hiyo ndiyo akili yake imemtoka. Ni utaratibu tu, na wala hauna matusi ndani yake.

Ajabu ni kwamba Katiba hiyo hiyo haisemi lolote kuhusu umri ambao mwaniaji wa urais hapaswi kuuvuka. Mtu wa miaka 85 anaweza kuomba kura, akapewa, akawa Amiri Jeshi Mkuu. Nami nauliza: ikiwa kazi ya kusoma faili na kukata kesi imewekewa mpaka, vipi kazi ya kuamua mambo ya vita na amani ikose mpaka?

Najua nitajibiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Sibishi. Busara ya wazee ni hazina, na taifa linalowadharau wazee wake limejidharau lenyewe. Lakini methali hiyo yasema penye wazee. Haisemi penye mzee mmoja asiyeambilika. Wazee wa methali hukaa barazani, wakasikilizana, wakashauri, kisha vijana wakatenda.

Isitoshe, hatari ya mtawala aliyezeeka kitini haimo katika mvi zake. Imo katika watu wanaomzunguka, ambao huanza kutawala kwa jina lake na kupigania urithi angali hai. Zimbabwe ni shahidi. Mnamo Novemba 2017, Robert Mugabe, akiwa na miaka 93, alimfuta kazi makamu wake, Emmerson Mnangagwa, huku kambi iliyomuunga mkono mkewe ikijiandaa kurithi. Siku chache baadaye vifaru vilionekana barabarani, naye akajiuzulu tarehe 21 mwezi huo. Mkombozi wa taifa aliondoka kwa mlango wa aibu kwa sababu mlango wa heshima haukuwa umejengwa. Mwalimu Julius Nyerere alijijengea wake mwaka wa 1985 akiwa na miaka 63, na hata neno "kung'atuka" akatuachia. Lakini taifa haliwezi kungoja bahati ya kumpata Nyerere kila mara.

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa vijana uongozi, basi. Hilo nalo silikubali. Paul Biya alikuwa na miaka 49 alipotwaa uongozi wa Cameroon mwaka wa 1982. Mnamo 2025 alitangazwa mshindi tena akiwa na 92. Yoweri Museveni alikuwa na miaka 41 alipoingia Kampala mwaka wa 1986. Wakongwe hao walikuwa vijana wa jana. Kwa hivyo upeo wa umri hauwezi kuchukua nafasi ya kikomo cha mihula. Viwili hivyo ni ndugu, kimoja kikiwa mgonjwa, kingine hakina budi kukesha.

Uganda imetufunza somo hilo kwa uchungu. Katiba yake ya 1995 iliweka kikomo cha mihula miwili na pia upeo wa miaka 75 kwa mwaniaji wa urais. Kikomo cha mihula kiling'olewa mwaka wa 2005. Mwaka wa 2017, upeo wa umri nao ukafuata, baada ya wabunge kutwangana ngumi na kurushiana viti bungeni. Mwaka wa 2021 Rais Museveni akawania akiwa na miaka 76, akatangazwa mshindi. Lililowaponza Waganda ni kwamba kifungu hicho cha umri kiliweza kubadilishwa na Bunge peke yake. Kufuli lilikuwapo, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa yule yule aliyefungiwa.

Benin, kwa upande mwingine, iliweka upeo wa miaka 70 katika Katiba yake ya 1990. Uchaguzi wa 2006 ulipowadia, Rais Mathieu Kérékou na mtangulizi wake, Nicéphore Soglo, wote walikuwa wamepita umri huo. Wote wawili hawakuwania, na nchi haikuporomoka.

Sisi tunayo njia bora kuliko ya Uganda. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 255, inaamuru kwamba muda wa rais kuhudumu usibadilishwe pasipo kura ya maamuzi. Pendekezo langu ni kwamba mwaniaji wa urais awe hajatimiza miaka 75 siku ya uchaguzi, na kanuni hiyo iwekwe chini ya kufuli hilo hilo la wananchi.

Sifichi gharama yake. Kanuni hii ingalimzuia Nelson Mandela, aliyechaguliwa mwaka wa 1994 akiwa na miaka 75. Hapa kwetu, ingalimruhusu Mwai Kibaki mwaka wa 2002, alipokuwa na miaka 71, na kumzuia mwaka wa 2007. Lakini Mandela aliondoka kwa hiari yake baada ya muhula mmoja. Sheria haitungwi kwa ajili ya wanaojua kuondoka. Hutungwa kwa ajili ya wasiojua.

Wapo pia watakaosema wapigakura waachiwe waamue. Jibu langu ni kwamba mpigakura haonyeshwi faili ya daktari. Huonyeshwa mabango.

Jambo la mwisho ni wakati. Lau kanuni hii ingaliletwa kabla ya uchaguzi wa 2022, ingalionekana mtego wa kumnasa Raila Odinga, aliyekuwa na miaka 77. Mzee huyo ametutoka mnamo Oktoba 2025. Katika uchaguzi wa Agosti 2027, Rais William Ruto atakuwa na miaka 60 na Bw Kalonzo Musyoka 73. Kanuni hii haimgusi yeyote kati yao. Sheria nzuri ya umri ni ile inayotungwa kabla haijawa na jina la mtu, na muda huo haudumu, maana kila mwaka mmoja wao anazidi kuukaribia mpaka. Waheshimiwa wabunge na watuletee swali hilo, sisi wenye kura tulijibu.