Neno Likigeuka Amri: Linda Programu ya Duka Lako

Una duka pale Maungu, wadi ya Marungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mteja analipa kwa simu. Programu kwenye kompyuta inasoma malipo, inatoa risiti na kupunguza stoki yenyewe. Raha, sivyo? Lakini angalia mlango mmoja.

Programu kama hizi hupokea maneno ya mtu wa nje, kisha huyapitisha kwa programu nyingine. Nyingi huchukulia neno linaloanza na kistari kuwa amri. Mwizi akiandika kistari na amri yake mahali pa jina au namba ya akaunti, na hakuna ukaguzi, kompyuta yako inamtii yeye.

Si hadithi. Juni 2024 kasoro ya aina hii ilitangazwa kwenye PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, kwa kompyuta za Windows. Ilipewa alama 9.8 kati ya 10 kwa hatari. Marekebisho yalitoka tarehe 6. Siku chache tu baadaye wahalifu walikuwa wakiitumia kufunga mafaili ya watu ili walipwe.

Sasa ufanye nini?

- Marekebisho yakitoka, yaweke siku hiyo hiyo. Hujui? Muulize fundi wako.
- Programu isome malipo tu. Usiipe ruhusa ya kutuma pesa, wala usihifadhi namba yako ya siri humo.
- Kabla ya kutoa mzigo, angalia salio kwenye simu yako mwenyewe. Risiti ya kompyuta pekee haitoshi.