Moto Ukizimika, Zamu Ndiyo Inaanza

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikuwa wakichota petroli iliyomwagika pale moto ulipolipuka. Waliofariki walizidi 100, ila si wote waliokufa siku ile. Wengine walifika hospitali wakiwa hai, baadhi wakapelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, na wiki zilizofuata wakawa wanaondoka mmoja mmoja.

Ndivyo majeraha ya moto yalivyo. Ngozi ikiungua, mwili hupoteza maji, vijidudu hupata mlango, na mapafu yaliyovuta moshi huelemewa. Kwa msomaji wa gazeti, ajali ya namna hii huisha kwa mazishi. Kwa muuguzi, huo huwa ndio mwanzo.

Kazi ngumu ya wodi ya majeraha ya moto ni kubadilisha bandeji. Mgonjwa hupewa kwanza dawa ya maumivu, kisha bandeji hulowanishwa ili isibanduke na nyama. Hata hivyo huuma. Yule aliyekusalimu kwa upole asubuhi, "Sista, umeamkaje?", saa nne anakusihi umwache. Humwachi, maana kidonda kisiposafishwa kitaingia vijidudu. Unamaliza, unavua glavu, unakwenda kitanda cha pili. Kesho utarudi kwake, kama bado yupo.

Damu na maiti muuguzi huzizoea kwa kiasi fulani. Kumuumiza mtu ili apone, halafu asipone, ni vigumu kuzoea.

Mzigo huo huzaa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kiwewe. Usingizi unakatika, picha zinarudi bila kuitwa, mwili unashtuka ovyo. Muuguzi anatoka kazini jioni, anapita kwa muuza mishikaki, moyo unaanza kwenda mbio kabla hajajua kwa nini. Harufu ina njia fupi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hofu na kumbukumbu. Siku za mwanzo hali hii ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Ikipita mwezi na kuvuruga maisha, aonwe na mtaalamu.

La pili ni uchovu wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa si ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi lolote la maana. Muuguzi aliyekuwa mpole akianza kuwajibu wagonjwa kwa mkato, tusikimbilie kusema ana roho mbaya.

Kwa kuwa mambo ni mawili, tiba nazo ni mbili. Kwa kiwewe, kosa la kawaida ni kuwakusanya watumishi wote mara baada ya ajali na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hiyo. Kinachofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: mtu ale, alale, ajue yuko salama, na awepo wa kumsikiliza bila kumchokonoa.

Uchovu wa kazi hutibiwa kwenye ratiba ya zamu. Vidonda vikubwa vifungwe na wauguzi wawili. Dawa ya maumivu isikosekane stoo, kwani humsaidia mgonjwa, na humpunguzia mzigo anayemfunga kidonda.

Zamu zinapokabidhiana, kitabu cha ripoti husomwa kitanda kwa kitanda: mapigo ya moyo, dripu, mkojo, kidonda. Baada ya ajali kubwa, muuguzi mfawidhi aongeze humo mstari mmoja: nani amefunga vidonda siku tano mfululizo. Siku ya sita apangiwe kazi nyingine.