Kabla ya kununua spika mpya, chunguza stima inayolisha muziki wako

Je, msomaji, umewahi kuketi sebuleni usiku, watoto wakiwa wamelala, ukaweka wimbo uupendao kwa sauti ya chini, kisha katika kile kimya kati ya wimbo mmoja na mwingine ukasikia mvumo kama wa nyuki walionaswa ndani ya spika? Wengi wetu tukisikia hivyo hulaumu spika. Tunakwenda Luthuli Avenue, tunatoa maelfu ya shilingi ambayo pengine yalikuwa ya karo, tunarudi na spika nyingine kubwa zaidi, na nyuki wale wale wanatulaki nyumbani, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Aghalabu kosa haliko kwenye spika. Liko mwanzoni kabisa mwa safari, mahali ambapo nambari hugeuzwa kuwa sauti.

Muziki ulio ndani ya simu, kompyuta au sahani ya CD si sauti bali ni nambari. CD ya kawaida, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1982, hubeba nambari 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja na zake, na kila nambari huonyesha ngazi moja kati ya 65,536. Spika haijui kusoma nambari. Ni lazima pawe na kifaa cha kuzigeuza ziwe mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, na kifaa hicho ndicho mafundi hukiita DAC. Hapa tutakiita kigeuzi. Kila simu inayotoa sauti inacho ndani yake. Lakini vijana wengi wanaopenda ufundi sasa hujiundia chao wenyewe kwa chipu za bei nafuu, kama vile TDA1543 ya Philips yenye miguu minane, ambayo hupatikana ndani ya mashine kuukuu za CD, au PCM5102A ya Texas Instruments, ambayo huuzwa ikiwa tayari kwenye bodi ndogo ya kuunganishwa na kompyuta ya Raspberry Pi.

Sasa, kigeuzi hufanyaje kazi? Mfikirie mama anayepima mahindi sokoni kwa gorogoro. Ukimwambia "gorogoro tatu", atakupimia tatu. Lakini kama gorogoro lenyewe linapanuka na kusinyaa kila mara, hata akihesabu vizuri namna gani, hutapata kipimo sawa. Gorogoro la kigeuzi ni volti fulani ambayo hupimia kila nambari, na katika vifaa vya bei ya chini volti hiyo huathiriwa na stima inayokilisha. Stima ikitikisika, kipimo nacho hutikisika.

Na kipimo chenyewe ni kidogo mno. PCM5102A ikitoa sauti yake ya juu kabisa, ngazi moja kati ya zile 65,536 ni kama sehemu 90 za volti iliyogawanywa mara milioni moja. Chaja ya simu, kwa upande wake, si ajabu kuwa na mitikisiko ya sehemu 50 za volti iliyogawanywa mara elfu moja. Hiyo ni zaidi ya mara 500 ya ngazi moja. Ni kweli kwamba chipu nzuri hujikinga na kuchuja sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini haichuji wote, hasa ule wa kasi ya juu.

Kwa hivyo, kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili. Chukua betri nne za kuchaji, zile za volti 1.2, uziunge zifuatane. Utapata volti 4.8, ambazo zinatosha bodi nyingi zinazodai volti 5. Usitumie betri nne za kawaida, maana zikiwa mpya hupita volti 6 na bodi nyingine hazistahimili. Hali kadhalika usidanganywe na powabenki. Ndani yake kuna saketi ya kupandisha volti ambayo hupiga kelele sawa na chaja. Kama bodi yako imeungwa na Raspberry Pi, kwanza ondoa waya unaoletea bodi volti 5 kutoka kwa Pi, lakini uache ule wa hasi, kwa sababu vifaa hivyo viwili havitaelewana bila hasi moja. Washa kigeuzi kwanza, halafu kompyuta.

Nyuki wakinyamaza, umempata mwizi. Wasiponyamaza, mwizi ni mwingine. Huenda kompyuta imechomekwa soketi moja na ampilifaya soketi nyingine, na waya zao za ardhini zimefanya duara linalonasa mvumo. Chomeka zote kwenye ekstensheni moja usikilize tena. Kama ni kompyuta ya mkononi, chomoa chaja yake kwa dakika moja. Wapo mafundi watakaokushauri ukate ule mguu wa ardhi kwenye plagi. Usikubali! Mvumo utaisha kweli, lakini siku waya utakapolegea ndani ya ampilifaya, sanduku lake la chuma litakuwa na volti 240, na mtoto ndiye atakayeligusa.

Tuseme basi kwamba stima ndiyo yenye makosa na unataka kuunda ya kwako. Utahitaji transfoma ya volti 9, dayodi nne, kapasita moja kubwa ya mikrofaradi 2,200 inayohimili volti 25, na kidhibiti volti aina ya 7805. Volti 9 za transfoma, zikishapita kwenye dayodi na kujaa ndani ya kapasita, huwa kama 11. 7805 huzishusha hadi 5. Yenyewe hudai ipewe angalau volti 2 zaidi ya zile inazotoa, ndiyo maana transfoma ya volti 6 itakusumbua. Kigeuzi kidogo hakili zaidi ya ampea 0.1, kwa hivyo joto litakalopotea ni kama wati 0.6 tu. Lakini usijaribu kulisha na Raspberry Pi humo humo. Hiyo hula mara nyingi zaidi, na 7805 yako itageuka jiko.

Karibu na miguu ya chipu yenyewe, lehemu kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1. Umbali hapa ni muhimu kuliko bei. Kapasita ya shilingi chache iliyo milimita tatu kutoka kwa chipu hufanya kazi kuliko ya bei ghali iliyowekwa mbali kwa waya mrefu.

Nikiwa hapo hapo kwenye bei, kuna watu watakaokuapia kwamba kapasita fulani au waya wa fedha hufungua sauti. Mwambie mwanao arushe sarafu, abadilishe au asibadilishe kifaa bila wewe kuona, nawe ukisie mara 10. Anayebahatisha tu hupata 9 au zaidi mara 1 hivi kati ya 100. Ukipata 5, hifadhi pesa zako.

Kazi ya upande wa volti 240 si ya mwanafunzi aliye peke yake nyumbani. Weka fyuzi kabla ya transfoma, funika kila kiungo, na kama hujawahi kuifanya, mpelekee fundi aliyehitimu sehemu hiyo peke yake. Kapasita kubwa ina upande wa hasi uliochorwa alama. Ukiigeuza hupasuka kwa kishindo na kutapika maji yake usoni. Risasi ya kulehemu ya kawaida nayo ina sumu, kwa hivyo usifanyie kazi kwenye meza ya chakula, na unawe mikono kabla ya kushika mtoto.

Ukimaliza, usiunge kigeuzi mara moja. Washa hiyo stima mpya peke yake, weka mita kwenye ncha zake, usome. Inapaswa kuwa kati ya volti 4.8 na 5.2. Ikisoma 11, chomoa, ukaiangalie upya miguu ya 7805.